Singapore Hawakuiona

Kuna hadithi moja ya Singapore ambayo kila aliyekwenda hurudi nayo, na kila anayerudi huisimulia kama kwamba hakuna aliyewahi kuisimulia kabla yake. Tumeisikia kwenye harusi Muscat, tumeisikia kwenye vikao vya Idd London, na tumeisikia hata matangani, mahali ambapo mtu angetarajia mazungumzo mengine. Hadithi yenyewe ni hii: mji ni safi, huoni karatasi njiani; chingamu ni marufuku; ukitupa kipande cha sigara unatozwa faini; uwanja wa ndege una maporomoko ya maji ndani yake; na mwisho, kwa sauti ya huzuni, "wenzetu hawa mwaka 1965 walikuwa maskini kama sisi". Hapo wasikilizaji hutikisa vichwa, chai huongezwa, na mazungumzo huhamia kwenye ufisadi wa nyumbani.

Mimi nathubutu kusema kwamba watu hawa hawakwenda Singapore. Walikwenda hoteli, wakatoka hotelini kwa teksi hadi maduka ya Orchard Road, wakavuka kwenda Sentosa na watoto, wakapiga picha mbele ya sanamu la simba mwenye mkia wa samaki, wakarudi. Yote hayo ni halali yao, fedha ni zao. Lakini kuja kutuhutubia juu ya nchi ya watu kwa safari ya namna hiyo, hapo ndipo pana ubishi.

Hili la 1965 tulimalize mapema. Singapore ilipotengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965 ilikuwa tayari bandari kubwa, iliyokusanya biashara ya Waingereza Mashariki tangu 1819. Pato lake kwa mtu mmoja kwa mwaka lilikuwa limepita dola 500 za Kimarekani, wakati Kenya ilikuwa karibu na dola 100. Dhiki ilikuwepo, tena kubwa: watu walibanana katika vyumba vya Chinatown, na moto wa Bukit Ho Swee wa mwaka 1961 peke yake uliwaacha watu kiasi cha 16,000 bila makazi. Lakini hatukuwa sawa nao. Na kinachonikera mimi si hesabu tu. Hadithi hiyo humfanya mgeni autazame mji mzima kama cheti cha mtihani cha mtoto wa jirani. Anakitazama, anaona wivu, anawapiga wanawe. Watu wanaoishi humo hawaoni.

Basi mtu afanye nini akenda? Kwanza aache teksi. Kisiwa kizima, pamoja na visiwa vyake vidogo, hakifiki nusu ya Unguja kwa ukubwa, na kinakaa watu kiasi cha milioni sita. Treni yao, wanayoiita MRT, ilianza mwaka 1987 na inafika mpaka ndani ya uwanja wa ndege. Huhitaji kupanga foleni ya tiketi: kadi yako ya benki ya kugusisha inatosha, unaigusisha unapoingia na unapotoka, ingawa benki yako huko Ulaya au Ghuba inaweza kukukata kidogo kwa fedha za kigeni. Kila mtu awe na kadi yake. Baba mwenye kadi moja na watoto wanne nyuma yake atazuia lango na kuwachelewesha watu kazini. Kwenye basi, usisahau kugusisha unaposhuka, maana ukisahau utatozwa nauli ya mpaka mwisho wa njia. Usile wala usinywe ndani ya treni, na doriani usiingie nalo kabisa. Sisi watu wa Unguja tunalijua doriani na tunaelewa sababu bila ya kusomewa sheria.

Lakini nasisitiza basi kuliko treni. Treni ni haraka, ila mara nyingi inakupitisha chini ya ardhi ukatoka kwenye duka jengine. Panda basi la ghorofa mbili, kaa juu mbele kabisa, mahali wanapopagombania watoto. Basi namba 2 hutoka Changi Village, kule mwisho wa mashariki kwenye mashua za Pulau Ubin, likapita Geylang, likapita karibu na Kampong Glam, likafika mpaka Chinatown. Kwa nauli ambayo haikununulii kikombe cha kahawa hotelini, utauona mji ukibadilika nguo njia nzima. Watapanda bibi wa Kichina na kigari cha soko, wasichana wa shule Wamalay waliovaa baibui za madrasa, fundi wa Kibangladeshi na kofia yake ya kazi mapajani, Mtamil aliyetoka hekaluni na majivu kwenye paji la uso. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Hilo ndilo la kutazama, na halina tiketi.

Na ukiwa na masikio, utasikia jambo ambalo wasimuliaji wetu wa chingamu hawajawahi kulitaja. Lugha ya taifa pale ni Kimalay (tuseme Kimalay na Wamalay, tafadhali, kwa sababu zinazojulikana). Wimbo wa taifa ni wa Kimalay, nao raia walio wengi ni Wachina ambao wengi wao hawaizungumzi lugha hiyo. Maandishi ya tahadhari utayakuta kwa lugha nne: Kiingereza, Kichina, Kimalay na Kitamil. Yasome yale ya Kimalay. Utakuta waktu, sebab, khabar, dunia, jawab, umur, hukum, sabun. Majira ya pepo wanayaita musim, na nahodha ni nakhoda. Jumaat ni Ijumaa. Limau ni limau. Bendera ni bendera, kwa sababu wao na sisi tuliipokea kutoka kwa Mreno yuleyule. Mtu anapita katikati ya maneno ya bibi yake, halafu anarudi kutuambia kwamba njia hazina karatasi.

Kampong Glam ndipo ninapokasirika zaidi. Watu wetu hufika, kwa sababu Arab Street imeandikwa katika kila kitabu cha watalii. Hununua mafuta ya manukato na vitambaa, huswali Msikiti wa Sultan, hupiga picha kuba la dhahabu, huondoka. Walitazame vizuri kuba lenyewe. Chini yake kuna mshipi mweusi unaong'aa, na mshipi huo umefanywa kwa matako ya chupa. Msikiti huu wa sasa ulipojengwa, ukamalizika mwaka 1932, matajiri walitoa fedha, na Waislamu maskini walitoa chupa, ili nao wawe na fungu katika nyumba ya Mungu. Kwangu mimi hicho ni kitu cha kusimuliwa matangani.

Halafu tazameni majina. Aljunied, Alsagoff, Alkaff: hawa ni Mahadhrami, masharifu na wafanyabiashara, waliotoka katika mabonde yaleyale yaliyotoa masharifu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Ndugu mmoja alipanda jahazi la kusi, mwengine la kaskazi. Aljunied siku hizi ni jina la kituo cha treni. Karibu na Tanjong Pagar, juu ya ngazi pembeni mwa barabara kubwa ya magari, lipo kaburi la Habib Nuh, aliyefariki mwaka 1866, na watu huenda kumzuru mpaka leo. Aliyezoea Riyadha ya Lamu hatajihisi mgeni hapo, hata kama hakubaliani na ziara. Na nyuma ya msikiti wa Sultan uko Muscat Street, mtaa mfupi ambao mwaka 2012 ulitengenezwa upya kwa ushirikiano na Oman, ukawekewa matao ya mawe na picha za ukutani. Nimewasikia watu wa Muscat wenyewe waliokwenda mara tatu Singapore wakiuliza: "Upo mtaa kama huo?"

Mwaka 2010 jahazi liitwalo Jewel of Muscat lilitoka Oman likafika Singapore kwa tanga, likatolewa zawadi. Lilijengwa kwa mfano wa jahazi la karne ya tisa lililozama Belitung likiwa limejaa vyombo vya China. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila ya msumari. Wazee wa Lamu na Bajuni walikuwa na jina la chombo cha kushonwa: mtepe. Shehena ya jahazi lile la Belitung, bakuli kwa bakuli, utaiona kwenye Asian Civilisations Museum, kando ya mto, mwendo mdogo kwa miguu kutoka kwa yule simba wa samaki ambaye kila mtu ana picha yake.

Nenda pia Telok Ayer Street. Leo imezungukwa na maghorofa ya mabenki, lakini zamani bahari ilifika pale, kabla haijafukiwa. Kwenye mtaa huo mmoja liko hekalu la Wachina la Thian Hock Keng, lililomalizika 1842, la mungu wao wa kike wa bahari. Iko dargah ya Nagore waliyoijenga Waislamu wa India ya kusini. Uko msikiti wa Al-Abrar wa watu haohao. Wote walikuwa wanashukuru jambo moja, kufika salama. Ukipenda ya ajabu zaidi, nenda Waterloo Street. Hekalu la Kichina la Kwan Im na hekalu la Kihindu la Krishna yamepakana, na Wachina wakitoka huku hupitia na kule wakafukiza udi. Mtaa huohuo una sinagogi la mwaka 1878. Sisemi mtu akaabudu kwao. Nasema akasimame atazame, dakika kumi, adabu mkononi.

Chakula nitakisema kwa ufupi, maana juu ya chakula sisi hatuhitaji kuhimizwa, tunahitaji kutolewa woga. Wako wanaokula kuku wa kukaanga wa Kimarekani siku nne Singapore, wakisema hawana hakika na halali. Ndugu, nchi ina baraza lake la Kiislamu, MUIS, linalotoa cheti, na alama yake imebandikwa kwenye kibanda unaiona. Masoko yao ya chakula kilichopikwa, ambayo utamaduni wake UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020, ni Forodhani iliyowekewa paa, bomba la maji na ukaguzi wa afya. Wachuuzi walitolewa njiani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapewa vibanda. Hawakufukuzwa kwa virungu wakaachwa, na hilo ni somo kubwa kuliko faini yoyote. Nenda Geylang Serai kwa wali wa nazi, nasi lemak. Nenda Tekka kwa biriani. Mkabala na Msikiti wa Sultan kuna Zam Zam, mkahawa wa tangu 1908, uombe murtabak uone kama si mantabali ya kwetu iliyonenepa. Sokoni utakuta mashokishoki na mafenesi. Ukiona pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza tupu, usikae, pana mwenyewe aliyekwenda kununua. Ukimaliza, rudisha sinia mwenyewe. Tangu 2021 hiyo ni sheria, na sinia za vibanda vya halali mara nyingi huwa na mahali pake.

Najua nitakayojibiwa. Mtu ana likizo ya siku nne, ana watoto wadogo, amechoka na kazi ya mwaka mzima, kwa nini asistarehe bila ya kusomeshwa historia? Astarehe. Kila nililolitaja ni rahisi kuliko teksi na nafuu kuliko Sentosa. Na watoto, kwa uzoefu wa kila mzazi, hupenda ghorofa ya juu ya basi kuliko duka la saa.

Lakini sababu yangu kubwa si starehe. Tarehe 21 Julai 1964, siku ya Maulidi ya Mtume, maandamano ya Waislamu yalitoka uwanja wa Padang kuelekea Geylang. Njiani yalizuka mapigano baina ya Wamalay na Wachina. Watu 23 walikufa na mamia walijeruhiwa. Septemba yalirudi tena, wakafa 13. Majirani waliokuwa wakiazimana sufuria walifungiana milango.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuambiwa mwaka 1964 ulikuwa mwaka gani. Sisi tuliwatangulia kwa miezi sita, na waliokufa kwetu hawahesabiki kwa vidole. Wengi wanaosoma gazeti hili wako walipo kwa sababu ya mwaka ule, au ni watoto wa waliokimbia, na wengine ni watoto wa waliobaki wakafurahi. Kwa nini basi tukenda kwenye mji uliopita njia inayofanana na hiyo, tunauliza habari za chingamu?

Wao walifanya nini? Hawakuimba umoja peke yake. Kiasi cha wakaazi wanane katika kumi wanakaa katika nyumba za ghorofa za serikali, na tangu mwaka 1989 kila jengo lina kiwango cha juu cha Wachina, cha Wamalay na cha Wahindi. Kiwango kikijaa, huwezi kumuuzia nyumba mtu wa kabila hilo kama wewe si wa kabila hilo. Chini ya majengo hayo pameachwa wazi, na mahali pale pale panapofanyika harusi ya Kimalay Jumamosi, panaweza kuwa na matanga ya Kichina Jumatano. Ingia mitaa hiyo. Shuka Toa Payoh au Bedok, zunguka, kaa kwenye baraza ya saruji. Hakuna anayemkataza mgeni.

Na sisemi wamemaliza. Kiwango kile kina gharama: Mmalay au Mhindi anayetaka kuuza nyumba, ikiwa nafasi ya Wachina katika jengo lake imejaa, wanunuzi wake wanapungua na bei inashuka. Serikali inawapanga watu katika mafungu manne: Wachina, Wamalay, Wahindi na Wengineo. Mswahili mwenye bibi Mngazija, babu Mhadhrami na mama Mnyamwezi angeingia fungu la Wengineo, akakaa humo na Wazungu. Wauguzi wa Kiislamu waliruhusiwa kuvaa mtandio kazini mwaka 2021 tu, baada ya miaka ya kuomba. Chama kimoja kinatawala tangu 1959. Wanaotusimulia "nidhamu" hawagusi hayo, kwa sababu nidhamu wanayoipenda ni ile ya kumnyamazisha mwengine.

Tena usafi huo wanaousifu unafanywa na nani? Angalia alfajiri. Wanaofagia ni wageni kutoka Bangladesh na India, na wanaofuta meza sokoni ni wazee waliopinda migongo. Zaidi ya wafanyakazi milioni moja wa kigeni wako pale, wakiwemo watumishi wa nyumbani karibu laki tatu. Tarehe 8 Disemba 2013, Jumapili, mfanyakazi wa Kihindi aligongwa na basi akafa pale Little India, na mamia ya wenzake wakazusha fujo, magari yakachomwa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliingia katika mabweni yao, ambako wanalala wengi chumba kimoja, na karibu nusu ya wakaazi wa mabweni waliambukizwa kabla mwaka haujesha.

Sisi wa Ghuba tunayajua haya vizuri kuliko mtu wa Paris. Tumeyaona mabasi yao yasiyo na kipoza hewa, na katika majumba yetu wenyewe yupo msichana ambaye pasi yake ya kusafiria imewekwa kabatini "isipotee". Kwa hivyo Jumapili ukiwa Orchard Road na mifuko yako, ingia Lucky Plaza, ambako watumishi wa Kifilipino hukutana siku yao ya mapumziko, wakituma fedha na kula chakula cha kwao. Siku hiyo ya mapumziko iliwekwa katika sheria mwaka 2013. Jioni nenda Little India, Serangoon Road na vichochoro vyake, ukaone njia imejaa wanaume waliokaa kwenye majani wakizungumza na simu za kwao.

Na Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, simama dakika chache kando ya barabara kuu. Utaona malori yanapita na wanaume wamekaa nyuma, migongo kwenye vyuma, wanapelekwa kazini. Sheria bado inaruhusu kuwabeba hivyo, na wako raia wa Singapore wanaoipinga kila mwaka. Ukirudi, ukaulizwa harusini Singapore ikoje, anza na hao. Ya chingamu tumeshayasikia.